Senene, Kitunguu na Moyo wa Mwenzio

Kwa wale mlionuniana tangu juzi, nawaomba mpatane japo kwa dakika kumi, maana mada ya leo inataka watu wawili wanaosikilizana.

Mwezi huu tunakwenda Kagera. Ndiyo, kwa nshomile wenyewe! Na ukitaja Kagera huwezi kuwaruka senene. Msimu wao mkubwa huwa Novemba na Desemba, halafu kuna ule mdogo wa Aprili na Mei. Jirani zao Waganda wameupa mwezi wa Novemba jina la mdudu huyo huyo, Musenene. Ukishuka stendi ya Bukoba utawakuta wamefungwa kwenye pakiti, na ukirudi Dar bila hata pakiti moja, jiandae kunyimwa salamu ofisini.

Sasa chukulia kijana mmoja, kwao ni Ngenge, kule wilayani Muleba. Anafanya kazi Dar, ana kazi nzuri, ana mipango. Amempata binti wa Tanga, mrembo na mwenye adabu zake. Wamependana mwaka mzima. Desemba inafika, kijana anampeleka binti nyumbani akawaone wazee. Mama mtu amejiandaa wiki nzima. Ndizi zimepikwa zikaiva, na katikati ya meza iko sahani ya senene waliokaangwa na kitunguu, wananukia hadi barabarani. Mawifi wamekaa mkao wa kutazama. Mama anasema, "Karibu mwanangu, onja cha kwetu."

Kuna jambo binti hajawahi kumwambia mchumba wake. Alipokuwa mdogo alikula kamba, midomo ikavimba na kifua kikabana. Tangu siku hiyo hagusi kamba, basi. Hakuona haja ya kusema. Nani anaongelea kamba wakati anatongozwa?

Binti afanye nini? Akikataa, mawifi watasema anaringa. Akila, huenda yasitokee lolote. Au huenda yakatokea makubwa.

Utaona kama hili ni suala la adabu za ukweni tu. Hapana, msomaji wangu. Hili ni suala la moyo, na safari hii sizungumzii moyo wa mapenzi. Nazungumzia ule unaodunda kifuani.

KAMBA NA SENENE NI NDUGU

Ngenge na bahari ni mbali, na senene hajawahi kuogelea. Lakini kwa wataalamu wa viumbe, kamba, kaa, panzi, senene na hata vile vijidudu visivyoonekana vinavyoishi kwenye vumbi la godoro ni ukoo mmoja. Wote wana miguu ya pingili na gamba la nje. Na wote wana protini moja kwenye misuli inayoitwa tropomiosini, inayofanana sana kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Mwili uliokwisha kujifunza kuichukia tropomiosini ya kamba unaweza kuiona ya senene ukadhani ni adui yule yule. Wala usijidanganye kwamba moto wa jikoni utakuokoa. Protini hii ni sugu kwa joto, haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa.

Huko Ulaya, walipoanza kuruhusu wadudu wa kuliwa mwaka 2021, waliagiza kwamba pakiti ziandikwe onyo kwa wenye aleji ya kamba na ya vumbi. Na China, ambako panzi huliwa kama kwetu, watafiti walikusanya taarifa za watu waliopata mshtuko mkali wa mzio kutokana na chakula kati ya mwaka 1980 na 2007. Katika visa 358 walivyovipata, zaidi ya 50 vilitokana na panzi na nzige.

Tuelewane lakini. Sisemi senene ni sumu. Mamilioni ya watu kandokando ya Ziwa Victoria wanawala, wananenepa na wanazeeka salama. Ni chakula chenye protini nyingi na mafuta mazuri. Wala si kila mwenye aleji ya kamba atadhurika na senene. Nasema tu kwamba kwa mtu kama yule binti wetu wa Tanga, kuonja ni kamari, na dau lenyewe ni uhai wake.

MOYO UNAINGIAJE HAPO?

Wengi wetu tukisikia aleji tunawaza vipele, mafua na macho kuwasha. Unanunua Piriton duka la dawa, unalala, asubuhi umepona. Hiyo ni aleji ndogo. Ile kubwa, ambayo madaktari huiita anafilaksia, ina tabia nyingine.

Mwilini tuna seli za ulinzi ziitwazo masti. Kila moja imebeba vifuko vidogo vilivyojaa kemikali kali, ikiwemo histamini. Zimejipanga kwenye ngozi, kwenye njia ya hewa na kwenye utumbo. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nyingine zimo ndani ya moyo wenyewe, kandokando ya mishipa inayoulisha damu.

Adui akitambuliwa, vifuko hupasuka kwa mkupuo. Mishipa ya damu mwilini hulegea na kuanza kuvuja. Katika mshtuko mkali, mtu anaweza kupoteza hadi theluthi moja ya maji ya damu yake kwenye mishipa ndani ya dakika 10 hivi, bila tone hata moja kudondoka chini. Presha inaporomoka. Moyo unapiga mbio lakini hauna cha kusukuma.

Hapo hapo, zile kemikali zilizomwagwa ndani ya moyo zinaweza kuufanya mshipa unaoulisha ujikaze ghafla. Mtu anashika kifua kama mzee mwenye ugonjwa wa moyo, kumbe ana miaka 27. Mwaka 1991 daktari wa Ugiriki, Nicholas Kounis, alieleza kwa kina maumivu haya ya moyo yanayoletwa na mzio, na hadi leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake.

Na mambo haya hayangoji. Uchunguzi wa vifo vya aina hii uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba moyo ulisimama baada ya takriban dakika 30 kwa waliokula chakula, dakika 15 kwa walioumwa na nyuki au nyigu, na dakika 5 tu kwa waliochomwa dawa hospitali. Hizo ni za wastani. Kuna waliowahi zaidi.

Sasa mtu akiwa na mwenzi wake kijijini, usiku, barabara ya vumbi, dakika 30 ni nini?

MAGUGU YA MTO NILE

Ndiyo maana wanasayansi kwa miaka mingi wametafuta kitu cha kuzituliza zile seli masti kabla hazijapasuka, au cha kuukinga moyo zikishapasuka. Na sehemu mojawapo walikotafuta ni kwenye mimea.

Kisa cha kwanza kinatupeleka Misri. Kuna mmea wa porini huko unaitwa khella, ambao kwa karne nyingi Wamisri waliutumia kwa maumivu ya mawe ya figo. Miaka ya 1940, mjini Cairo, fundi mmoja wa maabara alitumia dutu iliyotolewa kwenye mmea huo, iitwayo khelini, kwa ajili ya figo zake. Figo zilitulia, na yale maumivu ya moyo aliyokuwa nayo siku zote nayo yakaondoka! Bosi wake, mwanasayansi Gleb Anrep, akalifuatilia jambo hilo na kukuta kwamba khelini hutanua mishipa inayolisha moyo.

Baadaye Uingereza akatokea daktari aitwaye Roger Altounyan, mwenye pumu na aleji ya manyoya ya simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufugwa wanaofanana na sungura asiye na masikio marefu. Alichukua dawa zilizotengenezwa kwa kuiga khelini na kuzijaribu mwilini mwake mwenyewe. Alikuwa anavuta dawa, halafu anavuta vumbi la manyoya ya simbilisi, kisha anapima kifua kimebana kiasi gani. Alifanya hivyo mara mamia. Mwaka 1965 ikapatikana kromoglikati, dawa inayozituliza seli masti. Hadi leo iko kwenye matone ya macho ya watu wenye aleji. Na kutokana na khelini hiyo hiyo, Wabelgiji walipata amiodaroni, dawa inayotumika duniani kote kurekebisha mapigo ya moyo.

Mmea mmoja, dawa ya aleji na dawa ya moyo. Na kwa kuwa tuko Kagera, kumbuka kwamba mto Kagera unaingiza maji Ziwa Victoria, na ziwa ndilo linaloupeleka mto Nile hadi huko Misri. Kwa hiyo mmea wenyewe si mgeni kabisa. Unakunywa maji yetu!

Kisa cha pili kinahusu mti wa ginko wa China. Miaka ya 1980 watafiti wa Ufaransa waligundua kwamba dutu moja ya mti huo, ginkolaidi B, inaizuia kemikali iitwayo kwa kifupi PAF, mojawapo ya zile zinazomwagwa na seli masti. Kwenye mioyo ya simbilisi iliyokuwa maabara, dutu hiyo ilipunguza madhara ya mzio. Na mwaka 2008 watafiti wa Canada wakaonyesha kwamba kwa binadamu, kadiri mzio ulivyokuwa mkali ndivyo PAF ilivyokuwa nyingi kwenye damu. Kwa hiyo njia ile ina mantiki. Lakini ginko bado haijawa dawa ya anafilaksia mahali popote.

KITUNGUU KWENYE SAHANI ILE ILE

Kisa cha tatu kiko jikoni kwako. Kitunguu chekundu kina dutu iitwayo kwesetini, nacho ni miongoni mwa vyakula vinavyoongoza kwa kuwa nayo. Mwaka 2010 watafiti wa Iran waliwapa panya wenye aleji ya karanga kwesetini kwa wiki kadhaa, kisha wakawachokoza kwa karanga. Panya wale walistahimili kwa namna ya kushangaza. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani wakailinganisha kwesetini na ile kromoglikati kwenye seli masti za binadamu zilizooteshwa maabara, na kwesetini ikafanya vizuri zaidi katika kuzuia baadhi ya zile kemikali.

Wahaya nao wana omubilizi, yale majani machungu ambayo bibi hukuchemshia tumbo likikusumbua. Wakemia wamekuta ndani yake luteolini, ndugu wa karibu wa kwesetini, ambayo nayo maabara huzituliza seli masti.

Najua mnachowaza. "Kumbe senene wamekaangwa na kitunguu! Basi ugonjwa na dawa viko sahani moja, tule tu!"

Taratibu, jamani. Wale panya walipewa dutu yenyewe iliyosafishwa, kwa kipimo, tena kwa wiki nzima nzima kabla ya kuchokozwa. Kitunguu cha kwenye kikaango hakifikii hapo, na kingine mwili hauwezi hata kukinyonya vizuri. Zile seli za Marekani zilikuwa kwenye chupa, hazikuwa na moyo wala mapafu. Na hata kromoglikati, ambayo ni dawa kamili, ni ya kuzuia tu. Haiwezi kumwokoa mtu ambaye presha imekwisha kuanguka.

Nani asiyejua kwamba mimea ina dawa? Dawa mseto ya malaria, ambayo imeokoa watoto wengi sana Muleba, asili yake ni mmea wa pakanga wa China. Lakini kutoka kwenye jani hadi kwenye kidonge kuna safari ya kupima, kukosea, kusafisha na kupima tena. Kwesetini bado iko njiani. Ikifika, tutaipokea kwa vigelegele. Wanaouza vidonge vyake mitandaoni wakidai vinaponya aleji na moyo kwa pamoja, wameitangulia safari. Na kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini, usivimeze kabla ya kumuuliza daktari, maana vinaweza kuingiliana.

Kwa hiyo kula kitunguu, kunywa omubilizi wa bibi ukipenda. Ila usimpe mtu anayevimba midomo ukasubiri apone.

USIKU ULE PALE NGENGE

Turudi mezani. Tuseme binti kaona aibu, kaonja senene watatu. Baada ya dakika kumi viganja vinawasha. Sauti inakwaruza. Anasema tumbo linauma, anasikia kizunguzungu, na ana ile hofu isiyoelezeka, kama mtu anayehisi jambo baya linakuja. Ufanye nini wewe kijana?

Kwanza, mlaze chali na umwinue miguu. Usimsimamishe, usimtembeze "apate hewa". Uchunguzi wa mwaka 2003 huko huko Uingereza ulikuta watu waliokufa sekunde chache tu baada ya kuinuliwa, kwa sababu ile damu kidogo iliyobaki haikurudi kwenye moyo. Kama anapumua kwa shida sana, aketi huku amenyoosha miguu. Kama ni mjamzito, alale ubavu wa kushoto. Akitapika, mgeuze ubavu.

Pili, anahitaji adrenalini. Si Piriton, si maziwa, si mkaa, si maombi peke yake. Adrenalini inakaza mishipa iliyolegea, inafungua njia ya hewa na inaupa moyo nguvu. Kwa mtu mzima ni nusu miligramu, inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, na inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15 kama hajatulia. Kichupa chake si ghali, na kimo kwenye orodha ya dawa muhimu za taifa. Zile kalamu za kujichoma mwenyewe wanazotumia Ulaya na Marekani ndizo zenye bei ya kutisha.

Tatu, safari ianze mara moja. Muleba ina hospitali kama Rubya, Ndolage na Kagondo, lakini anza na kituo kilicho karibu chenye mhudumu na adrenalini. Tafuta gari ili alazwe kiti cha nyuma. Bodaboda itamlazimu aketi wima, na tumeshaona hatari yake. Mmoja apige simu mbele ili mhudumu awe tayari mlangoni.

Nne, akipata nafuu msirudi nyumbani kucheza ngoma. Mzio unaweza kurudi kwa mara ya pili saa kadhaa baadaye. Abaki chini ya uangalizi hadi daktari aseme.

Kuna na mambo yanayoongeza moto. Pombe ni mojawapo, kwa hiyo lubisi na senene kwa mwenye mzio ni hatari juu ya hatari. Kucheza na kukimbia baada ya kula nako kumo, pamoja na baadhi ya dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Unaona jinsi harusi ya kijijini inavyokusanya yote hayo usiku mmoja? Na kama mzee wako mwenye mzio anatumia dawa za presha za kundi la atenolol au propranolol, amwambie daktari wake, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuifanya adrenalini isifanye kazi vizuri.

MWENYE KWAO NDIYE ASEME

Sasa tuje kwenye uhusiano, maana hapa ndipo penye kazi.

Binti hakunyamaza kwa ujinga. Alinyamaza kwa sababu mgeni ukweni hana sauti. Kila tonge analokula linatafsiriwa. Kwa hiyo ukimwachia yeye mzigo wa kukataa mbele ya mama yako, umemtosa. Nyie wanaume, na nyie kina dada mnaowapeleka wachumba zenu kwenu, sikilizeni: mwenye kwao ndiye aseme, tena aseme mapema, kwa simu, kabla nyama haijanunuliwa. "Mama, mchumba wangu mwili wake haupatani na kamba, na daktari anasema senene ni ukoo mmoja na kamba. Naomba asiandaliwe, na mwiko wa senene usiingie kwenye chakula chake."

Mama akishangaa, mkumbushe jambo moja ambalo huenda analijua kuliko wewe. Kwa mila za zamani za Wahaya, wanawake ndio waliookota senene na kuwaandaa, lakini kuwala ilikuwa mwiko kwao. Senene walikuwa wa wanaume. Inasimuliwa kwamba mwanamke aliyemletea mumewe senene wa kutosha alitunzwa nguo mpya. Maana yake bibi na mabibi wa mama mkwe wako huenda walikaa nyumba hizo hizo maisha yao yote bila kumtia mdomoni hata mmoja, na hakuna aliyewaita wenye maringo. Mwanamke asiyekula senene si kioja Buhaya. Kioja ni yule anayelazimishwa.

Na binti naye asikae kama mgeni wa heshima. Ashike kikapu aende na mawifi kuokota, mradi kugusa hakumdhuru, au ashike kisu amenye ndizi. Watu husahau haraka ulichokataa kula. Wanakumbuka kama ulikuwa nao jikoni au ulikaa sebuleni na simu.

Kabla hamjapanda basi, kubalianeni haya matano:

1. Kila mmoja aseme chakula, dawa au mdudu aliyewahi kumvimbisha, hata kama ilikuwa utotoni, hata kama anaona aibu. Penisilini na nyuki navyo vimo.

2. Aliyewahi kuvimba midomo, kubanwa kifua au kuzimia aende kwa daktari kabla ya safari, aulizie vipimo vya mzio, na aulize kama anaweza kupewa adrenalini ya kubeba pamoja na mafunzo ya kuitumia.

3. Andikeni mzio wa kila mmoja kwenye karatasi ndani ya pochi na kwenye simu ya mwenzake. Mtu aliyezimia hawezi kujieleza.

4. Jueni zahanati iliyo karibu na mnakokwenda, na muwe na namba ya mtu mwenye gari. Ulizeni kabla kama kuna adrenalini.

5. Wekeni neno au ishara yenu ya siri. Akikubana mkono mara mbili chini ya meza, unajua sahani hiyo ihame, na wewe ndiye unayeihamisha.

Mpenzi msomaji, wapo wanaojua siku ya kuzaliwa ya mchumba, saizi ya kiatu na neno la siri la simu yake, lakini hawajui kwamba karanga zinaweza kumuua. Muulize leo, tena msingoje Desemba. Na wewe uliyeficha, mwambie. Hakuna mwanaume wala mwanamke wa maana atakayekuacha kwa sababu ya kamba. Akikuacha kwa hilo, shosti, kakupunguzia nauli ya Bukoba.

Mwezi ujao, panapo majaaliwa, tutaangalia wapenzi wanaofungua biashara pamoja na nani ashike daftari la hesabu. Hadi hapo, pendaneni, na waitu, mkifika Kagera mtuletee sisi tusiodhurika pakiti mbili.